Tuwalipe mafundi kwa kupima gari, shokapu zimechoka kusingiziwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hili la magari yanayotoa mlio wa kugonga huko mbele chini, maana hapa Arusha ukiingia gereji ukasema tu "fundi, gari inagonga", hata hujamaliza kuongea umeshaambiwa shokapu (zile za kutuliza mtikisiko wa gari) zimekufa, na ukimuuliza kajuaje anakujibu "bosi, barabara zetu si unazijua". Barabara tunazijua, anayekaa Kwa Mrombo au Moshono kule ndani ndani kwenye mawe hahitaji kufundishwa. Ila barabara mbovu inaua vitu vingi chini ya gari na kila kimoja kina wakati wake wa kulia, sasa mtu anaichaguaje shokapu hata jeki hajapiga?

Jirani yangu ana IST, gari ndogo ya Toyota, anapelekea watoto shule halafu anashuka nayo Kilombero kwenye biashara zake. Ikaanza kugonga kwenye rasta (vile vituta vidogo vilivyopangana barabarani) na vishimo vidogo vidogo, ko ko ko upande wa kushoto. Akabadilishiwa shokapu zote mbili za mbele, mlio uko palepale, akarudi wakamwambia basi ni stabilaiza linki, vile vyuma vifupi vya ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, zikawekwa mpya na mlio nao ukaendelea, fundi wa gereji nyingine akamwambia hiyo ni steringi reki, yaani mashine ya usukani inayogeuza matairi, na hapo sasa tunaongelea hela ya ada ya mtoto. Bahati nzuri akaelekezwa kwa fundi mmoja Unga Limited, mtu wa maneno machache, yeye hakushika spana kabisa. Akakaa siti ya abiria akamwambia dada endesha wewe, zima redio, shusha vioo, na hiyo jeki na makorokoro ya kwenye buti tuyaache hapa chini kwanza (na hili sio utani, kuna watu wamebadilisha bushi, vile vipira vya kwenye viungo vya chini ya gari, kumbe ni jeki imelegea nyuma). Walipofika kwenye rasta akamwambia gusa breki kidogo, usisimame, weka mguu tu. Mlio ukakata. Achia, ukarudi. Gusa tena, kimya.

Kumbe ni pedi za breki. Aliyebadilisha pedi mara ya mwisho hakurudisha vile vibati vidogo vya springi vinavyozibana zisicheze, na pini za kalipa, kile chuma kinachozikandamiza pedi, zilikuwa kavu hazina hata tone la grisi, kwa hiyo kila kwenye mtikisiko pedi na kalipa vinagongana, ukigusa breki pedi zinabana diski na kelele inaisha. Gari ya namna hiyo mara nyingi ina dalili nyingine, ukirudi rivasi halafu ukaenda mbele, breki ya kwanza utasikia "ko" moja, hizo ni pedi zinahama. Vibati havifiki hata robo ya bei ya shokapu, na zile shokapu alizotolewa hakuna aliyemwonyesha kama zilikuwa zinavuja au la.

Ninachosema mimi ni kwamba mlio unaulizwa unatokea lini kabla ya kuulizwa unatokea wapi, maana sauti inasafiri kwenye bodi, kitu kinagonga mguu wa kushoto wa gari wewe unakisikia chini ya kiti chako. Linki inalia zaidi tairi moja likipanda peke yake, kwenye tuta ambalo matairi yote mawili yanapanda pamoja inaweza kunyamaza kabisa, na kuithibitisha ni rahisi tu, unafungua linki zote mbili unazunguka mtaani polepole, mlio ukiisha umempata. Ikigonga mara moja ukikanyaga breki na mara moja tena ukiondoka, angalia bushi ya nyuma ya am ya chini, ule mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu, ikichanika am inakwenda mbele na nyuma. Lakini maunti ya injini, kile kikalio chake cha mpira, nayo ina tabia hiyohiyo, kwa hiyo simama, kanyaga breki, toa gia ya D weka R, ikigonga na gari haijasogea basi anza na injini kwanza. Ukizungusha steringi umesimama na kitu kinaruka huko juu, hiyo ni maunti ya shokapu, na ile ka-ka-ka ya kukata kona kali huku unakanyaga mafuta ni sivii jointi, kiungo cha ekseli inayozungusha tairi, hiyo wengi wanaijua.

Boljointi, kile kiungo cha duara kinachounganisha gurudumu na am, ndo siitanii. Inyanyuliwe gari, gurudumu lishikwe juu na chini litikiswe, likicheza mwenzako akanyage breki, mchezo ukiisha ni wili beringi, yaani beringi ya gurudumu, ukiendelea kucheza ni boljointi, na hapo mtaimbo upite chini ya am ili ionekane kwa macho. Likicheza kulia na kushoto tu, mara nyingi ni tairodi, ile fimbo ya usukani inayovuta gurudumu. Boljointi ikichomoka gurudumu linalala na gari inapiga magoti palepale, iwe uko mwendo gani, na kila mtu anayepita njia ya Moshi ameshaona Noah ya namna hiyo pembeni ya barabara. Sasa mtu anabadilishiwa shokapu anaondoka na boljointi ileile kwa sababu hakuna aliyepima!

Halafu kuna hili la kukaza, nalo linaniuma. Bushi mpya inafungwa gari iko juu ya jeki, miguu inaning'inia, bolti zinakazwa hukohuko juu, gari ikishushwa mpira unajipinda na unabaki umejipinda siku zote, baada ya muda umepasuka na wewe unaambiwa spea za siku hizi feki. Feki zipo, sikatai. Ila bolti za bushi zinatakiwa zikazwe za mwisho gari ikiwa imekalia matairi yake, na spea ya oringino ukiifunga vibaya inakufa vilevile.

Sasa nimewasema mafundi lakini na sisi wenye magari tuna neno la kujibu. Fundi akikwambia nipe elfu kumi nizunguke nayo niisikilize, unaona anakuibia, unampigia hesabu kwamba hajafunga hata nati moja. Akikuuzia shokapu unalipa tena unamshukuru. Hebu mwambie ukweli huyo kijana ana familia, atakula wapi kama sio kwenye kubadilisha kitu? Tumewafundisha wenyewe kupiga ramli. Yule wa Unga Limited alimtajia jirani yangu hela ya kupima kabla hajapanda kwenye gari, dada akanung'unika kidogo, na ndo hela pekee katika hiyo safari yote ambayo haikupotea.

Kwa hiyo wenye gereji mnaosoma gazeti hili, andikeni bei ya kupima ukutani hapo karibu na bei ya kumwaga oili, na spea ya zamani mteja aonyeshwe imekufa wapi kabla haijatupwa kwenye chuma chakavu. Sisi tutalipa, tutalalamika ila tutalipa.

Dereva wa Noah,
Kwa Mrombo, Arusha