Presha ya 160 kwa 65 si ya kujipongeza

Mhariri,

Wenye kisukari cha aina ya pili hapa Tanga hupenda kufarijiana: "Ya juu imepanda kidogo, lakini ya chini iko sawa." Toa 65 katika 160, inabaki 95. Pengo hilo likizidi 60 kwa mtu mzima, mara nyingi ni dalili kwamba mishipa mikubwa imekakamaa.

Mji wetu ni wa baiskeli, kwa hiyo mfano tunao. Tairi la upepo humeza mashimo ya barabara. La mpira mtupu hupeleka kila jiwe mgongoni. Mshipa mkuu utokao moyoni ndio upepo wenyewe: hutanuka moyo ukisukuma, hujirudi moyo ukipumzika, damu ikaenda bila vishindo. Sukari ikikaa juu miaka mingi hunata kwenye protini za ukuta wa mshipa na kuzifunga pamoja, kisha chokaa nayo huganda. Kishindo kikikosa wa kukimeza hushukia figo, zinazopokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, tena kupitia vijishipa vilivyo wazi. Vichujio huchakaa, na protini iitwayo albumini huanza kuvuja kwenye mkojo.

Hapo mgonjwa hasikii lolote. Miguu kuvimba huja baadaye sana. Kijiti cha kawaida cha mkojo nacho hakioni albumini ikiwa kidogo. Ombeni kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, pamoja na kreatinini ya damu (kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa), tangu kisukari kinapogunduliwa, kisha kila mwaka. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida. 30 hadi 300, figo imeanza kuvuja. Msipime mkiwa na homa, hedhi, maambukizi ya njia ya mkojo, au mkiwa mmetoka kubeba mizigo mizito jana yake: jibu litapanda bure. Likipanda, rudieni ndani ya miezi 3 hadi 6. Majibu mawili kati ya matatu yakiwa juu ndiyo huthibitisha kwamba figo inavuja.

Presha ipimwe baada ya kukaa dakika 5, kibofu kitupu, mkono usawa wa moyo. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo husoma juu kuliko ilivyo.

Dawa za presha losatani au enalaprili hushusha presha ndani ya kichujio chenyewe. Wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza, pimeni kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda bila kuzidi asilimia 30, hiyo peke yake si sababu ya kuacha dawa. Mjamzito asizitumie. Kinachoharibu kazi ni diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, inayonunuliwa kama pipi na kumezwa pamoja na dawa hizo. Na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, jamani! Chumvi ya siku nzima ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Kipande kisichorowekwa hula sehemu kubwa ya hiyo kabla nazi haijatiwa chumvi yake.

Mfamasia,
Ngamiani, Tanga