Jiwe la Joseph Smith: barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Barua yako imefika. Unasema ulimcheka rafiki yako Mmormoni hapo chuoni Utah kwa sababu ya habari za jiwe na kofia. Hilo limenikera.

Habari yenyewe ni ya kweli. Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni, alikulia Palmyra, New York, kwa wakulima maskini. Mwaka 1822, akichimba kisima kwa jirani, aliokota jiwe dogo. Alilitia ndani ya kofia, akazamisha uso humo kuzuia mwanga, kisha akasema anachoona: vitu vilivyopotea, hazina zilizofukiwa. Wengi huko waliamini hazina hulindwa na mizimu, na ukitamka neno wakati wa kuchimba, zinadidimia. Mwaka 1825 mkulima mmoja, Josiah Stowell, alimwajiri amtafutie fedha ya Wahispania huko Harmony, Pennsylvania. Fedha hawakuipata, ila Joseph alimpata Emma Hale, akamwoa 1827. Katikati hapo, 1826, alifikishwa mbele ya hakimu kwa uaguzi huo, maana sheria ya New York iliukataza. Kitabu cha Mormoni, maandiko matakatifu ya Wamormoni, kilitoka 1830; Joseph alisema amekitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu, na sehemu kubwa alimsomea karani uso ukiwa ndani ya kofia.

Usidhani watu wale hawakuwa na dini. Waliomba, wakasoma Biblia, na katika Biblia hiyo Yusufu ana kikombe cha kuagulia. Sisi tuliambiwa ramli na hirizi ni giza la Mwafrika, kumbe wakulima weupe wa Marekani walikuwa nazo nyumbani mwao.

Kinachoniuma mimi ni kufichwa. Karani wake, Oliver Cowdery, alitumia fimbo ya uaguzi. Ufunuo wa Joseph uliochapishwa 1833 ulikitaja kipawa chake cha fimbo, lakini chapa ya 1835 ikaandika kipawa cha Haruni. Kwa miaka mingi waumini walionyeshwa michoro ya Joseph akisoma mabamba ya dhahabu, kofia haipo. Kanisa lenyewe lilitoa picha za jiwe mwaka 2015. Fikiria mtu aliyelelewa humo, anayajua hayo ukubwani.

Mimi ni Mlutheri na siamini kwamba jiwe lile lilitafsiri chochote. Rafiki yako anaamini, na ni haki yake. Mwombe radhi. Kisha muulize alifundishwa nini kuhusu jiwe hilo utotoni, umsikilize mpaka amalize.

Baba anakusalimu. Niandikie rafiki yako amejibu nini.

Mama yako