Makoo wanne walalie usiku mmoja

Morogoro, 14 Juni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Umeuliza kwa nini mitetea wako wanataga vizuri lakini vifaranga wanaishia njiani. Shida ni kila koo kuatamia kwa wakati wake: unakuwa na vifaranga wa kila umri, na siku ya chanjo hujui nani kapata, nani bado.

Koo wa kwanza akianza kulalia, mwondolee mayai, umwachie moja lenye alama ya mkaa. Atalikalia. Fanya hivyo hivyo kwa wengine mpaka watimie wanne, lakini koo yeyote asisubirishwe zaidi ya wiki mbili, maana koo anayelalia hula kidogo na hukonda haraka. Maji na punje za mahindi ziwe karibu na kiota. Mayai unayookota yaweke mahali pa baridi, ncha iliyochongoka ikiwa chini, tarehe kwa penseli. Likizidi siku kumi, hilo ni la kukaanga. Usiyaoshe, maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda.

Wakitimia, usiku toa mayai ya alama uyatupe, kila koo mpe 12. Siku ya 7 yamulike gizani kwa tochi ya simu, ukilizungushia yai vidole mwanga usivuje. Ukiona mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi, lina kifaranga. Likiwa jeupe tupu, litoe.

Siku ya 21 vifaranga wakitoka na kukauka manyoya, wape wote koo wawili usiku huo huo. Wale wawili wengine watarudi kutaga mapema, na hapo ndipo faida ilipo. Ukitumia jiko la mkaa kuwaongezea vifaranga joto, liwashie nje mpaka moshi uishe, na juu ya banda pawe na tundu la hewa. Wakirundikana wanahisi baridi. Wakihema midomo wazi ni joto.

Mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, hauna dawa, Rehema, nakusihi usiupuuze. Chanjo yake inaitwa I-2: tone moja kwenye jicho moja, mshike kuku mpaka apepese, rudia kila miezi mitatu. Wape wasioumwa tu. Kuku mgeni atengwe wiki mbili kwanza.

Chakula: jioni gramu 50 hivi kwa kila kuku mkubwa anayejitafutia, pumba na mashudu ya alizeti, dagaa kidogo. Dagaa wakizidi, mayai yananuka. Mahindi yenye ukungu usiwape hata kidogo. Kiini cha yai kikiwa cheupe, ongeza mchicha. Mahindi meupe hayana rangi ya kukipa.

Mayai ya kuchemsha, chagua yaliyokaa wiki. La leo halimenyeki, ganda linaondoka na nyama yake. Jogoo mzee naye mchemshe kwa moto mdogo muda wa saa mbili, tangawizi na chumvi tu, ndipo utie nazi.

Koo wa kwanza akianza kulalia, niandikie tarehe.

Wako,
Mwanaidi