Ziwa letu si bwawa

Ujiji, Kigoma
Agosti 14

Mpenzi Zuhura,

Salaam nyingi kwako na kwa wazee wote hapo Pangani. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini kula migebuka badala ya kuisikia kwenye simu tu.

Sasa nijibu lile neno lako. Ati mawimbi yako baharini, sisi wa Ziwa Tanganyika tuna bwawa! Njoo Kibirizi alasiri za mwezi huu, upepo wa kusi umepamba moto, tuone kama utathubutu kupanda boti ya Kagunga.

Wimbi ni kazi ya upepo iliyowekwa akiba majini. Ukubwa wake unategemea upepo una kasi gani, umevuma muda gani, na umepita umbali gani juu ya maji bila kukatwa na nchi kavu. Kwa umbali mmetushinda, hilo sibishi. Upana wa ziwa ni kilomita 50 hivi. Lakini urefu ni karibu kilomita 670, na kusi haikatizi ziwa, inalifuata kutoka upande wa Zambia kuja kwetu.

Juzi pale Kibirizi kulikuwa na kopo la rangi linaelea, nje kidogo ya mahali mawimbi yanapovunjikia. Nililitazama mpaka wauza dagaa wakaanza kunitazama mimi. Wimbi likija, kopo linapanda na kusogea mbele kidogo; likipita, linashuka na kurudi nyuma. Yamepita mawimbi mengi, kopo karibu palepale. Maji yenyewe hayaendi kokote, yanazunguka mahali pake. Kinachokuja pwani ni nguvu. Kina kikipungua, wimbi linapunguza mwendo na kuinuka, kilele kinaipita miguu yake, puu! Nguvu iliyoanzia mbali huko inamalizikia kwenye mchanga na kwenye mbavu za mitumbwi isiyovutwa juu vizuri. Na usidharau nyongeza ndogo: wimbi la mita 2 lina nguvu mara nne ya wimbi la mita 1, si mara mbili.

Ila shoga, wimbi letu kubwa kuliko yote huwezi kuliona. Ziwa lina tabaka la maji ya vuguvugu juu, na chini yake maji baridi kidogo, mazito zaidi. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi inasukuma yale ya juu kuja kaskazini, kwa hiyo kule Mpulungu, ncha ya kusini ya ziwa, maji ya chini yanapanda, yamebeba rutuba. Upepo ukilegea, mpaka ulio kati ya matabaka hayo unaanza kuyumba, kama maji ya beseni lililoinamishwa kisha likaachiwa. Yumbo moja, kwenda na kurudi, linachukua wiki tatu hadi nne, na mpaka huo unapanda na kushuka makumi ya mita, huku juu mtu anapiga kasia hana habari. Rutuba ikifika kwenye mwanga, vimea vidogo vya kijani vinastawi, vijidudu vya majini vinavila, dagaa wanavila vijidudu. Kwa hiyo dagaa unaowasifia kila nikikutumia wameletwa na upepo, ujue.

Uliuliza pia kama mawimbi yanaweza kuwasha taa. Yanaweza. Huko Mutriku, Hispania, tangu 2011 wana ukuta wa bandari wenye vyumba vilivyo wazi kwa chini. Wimbi likiingia linasukuma hewa, hewa inazungusha mashine, umeme unatoka. Ni umeme kidogo, wa kutosha mtaa tu. Mashine ya kukaa baharini miaka na miaka inapigwa na chumvi na dhoruba, na gharama yake si mchezo.

Nikuombe kitu. Siku bahari ikitulia, upepo hakuna lakini mawimbi marefu bado yanaingia, kaa ufukweni uhesabu sekunde kati ya kilele na kilele. Ya kwetu ni sekunde chache tu, maana yamezaliwa humuhumu. Ya kwenu yakifika 12, basi hayakuzaliwa Pangani: huenda dhoruba iliyoyaumba ilikuwa mbali sana kusini, na huko kwenye kina kila kilele kilikuwa kinakimbia karibu kilomita 67 kwa saa. Hesabu mengi kisha ugawanye, usiniletee wimbi moja.

Dagaa kilo mbili nimempa kondakta wa basi la Jumamosi. Wachambue mchanga kwanza.

Wako,
Mwajuma