Emptiness Machine mmeihukumu kabla ya ubeti wa pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni muda sasa. Ukurasa wenu wa burudani uliipa The Emptiness Machine, ngoma ya 2024 ya Linkin Park, ile bendi ya roki ya Marekani, mistari mitatu tu, kwamba wamemleta dada mmoja kuziba pengo la mwimbaji wao marehemu Chester Bennington na kwamba bendi ingepumzika tu. Nimesoma mara mbili nikasema hapana, huyu mwandishi hakuisikiliza mpaka mwisho.

Mi nilikuwa macho siku ile walipoizindua laivu mtandaoni. Ni usiku wa kuamkia Septemba 6, 2024, huku kwetu saa saba usiku wakati kule Los Angeles ndo kwanza mchana wa tarehe 5, nimenunua bando makusudi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai isianguke, hedifoni masikioni ili mke wangu asiamke. Siku chache kabla walikuwa wameweka saa inayohesabu kurudi nyuma kuanzia masaa 100, ikafika sifuri, badala ya kutokea kitu ikaanza kuhesabu kwenda mbele, watu tukabaki tunaulizana. Kwa hiyo mpaka laivu inaanza roho iko juu juu.

Akaanza Mike Shinoda, mwimbaji mwenzake Chester kwenye bendi, kuimba The Emptiness Machine. Ubeti wa kwanza Mike, kiitikio cha kwanza Mike, na wewe unayemjua Chester unasikia kabisa kwamba kuna mtu hayupo, gitaa zinaingia nzito lakini ile sauti ya kupasua haipo, alafu ubeti wa pili ndo anatokea Emily Armstrong, huyo mwimbaji mpya, na kiitikio kikirudi yeye ndo anakibeba na sauti inakwaruza kama imepita kwenye mchanga. Mwili wote ulinisisimka. Mhariri, wangetaka wangemuanzisha yeye tangu sekunde ya kwanza wakamaliza kazi, lakini hawakufanya hivo, wametuachia kwanza tukae na lile pengo, tulisikie, ndipo mgeni akapiga hodi. Hiyo ndo heshima ninayoiona mimi kwenye hii ngoma na ndo nimeamua kuandika.

Naandika kwa sababu hawa watu wamenilea. Mwaka 2002 nilikuwa kidato cha pili, ngoma yao In the End inapigwa redioni na mi sina hela ya kununua kitu, nikachukua kaseti ya taarab ya mama, vile vitundu viwili vya juu nikaviziba kwa karatasi na gundi ili ikubali kurekodi, nikakaa na redio jioni tatu nasubiri. Niliipata, ila mtangazaji aliongea juu ya kile kinanda cha mwanzo, kwa hiyo mpaka leo nikiisikia In the End kichwani kwangu inaanza na sauti ya mtu anasoma salamu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji lakini nilielewa kwamba kuna mtu anaumia na haoni aibu kusema. Tarehe 20 Julai 2017 Chester alipojiua, akiwa na miaka 41, sikuweza kuwasikiliza karibu mwaka. Kwa hiyo mtu asiniambie nimemsahau.

Na kuna kitu wengi hawakijui au wamekisahau. Chester mwenyewe hakuianzisha hii bendi. Ilikuwa inaitwa Xero, mwimbaji wake alikuwa Mark Wakefield, alipoondoka ndo wakamtafuta Chester aliyekuwa kule Phoenix, Arizona, akatumiwa demo, yaani nyimbo za majaribio, akaweka sauti yake juu, mwaka 1999 akaingia. Mwaka uliofuata, Oktoba 2000, wakatoa Hybrid Theory, albamu yao ya kwanza. Na mnaona wenyewe albamu iliyotoka Novemba 15, 2024 wameiita From Zero, nani asiyesikia lile jina la zamani, Xero, humo ndani ya Zero?

Kuhusu mapokezi, kusema watu wameikataa sio kweli. Uingereza ilifika namba 4 kwenye chati, wakati In the End yenyewe kule iliishia namba 8. Marekani ilifika namba 21 kwenye Hot 100, ile chati yao kuu ya nyimbo, sawa, In the End ilifika namba 2, lakini hiyo ilikuwa 2002 wakati nu metal, ule mchanganyiko wa metali na rapu, iko kila kona, leo chati imejaa rapu na pop na kantri, ngoma ya magitaa mazito kufika hapo sio mchezo.

Wapo wenye manung'uniko na sitaki kuwabeza. Ndani ya familia ya Chester kuna walioumia na wakasema wazi, na mtu aliyefiwa ana haki ya kuumia anavyoumia. Na Emily ameulizwa kwanini aliwahi kwenda mahakamani kumuunga mkono rafiki yake ambaye baadae alitiwa hatiani kwa ubakaji, yeye akatoa tamko kwamba alikosea kumwamini, anayeona tamko halitoshi namuelewa. Haya yaandikwe, yajadiliwe, ni ya haki. Lakini mwandishi wenu hakugusa hata moja, yeye hoja yake ilikuwa kwamba sio Chester basi, na tena "dada mmoja", jina hamna, wakati ameimba miaka mingi na bendi yake ya Dead Sara kabla ya hawa kumchukua.

Ombi langu ni dogo. Albamu hii mumpe mtu anayeusikiliza huu muziki aiandike nusu ukurasa, asikilize kwa hedifoni sio kwa spika ya simu, na jina la Emily Armstrong liandikwe kamili.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro