Barua kwa mwanangu: kabla hujarudi kwa Brock

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mdogo wako. Sisi huku hatujambo, ila joto tu. Ama baada ya salamu, bibi ameniambia umenuna tangu juzi kwa kuwa Brock, mkuu wa jimu ya kwanza (ukumbi wa mapambano) ndani ya gemu yako, amekupiga tena, na kile kigemu alichokuletea mjomba umekitupa uvunguni. Kitoe. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu unaniitikia "ndiyo mama" huku vidole vinabonyeza, na haya yanataka uyasome gemu ikiwa imewashwa mbele yako.

Hiyo FireRed yako ni Pokémon ya 1996, gemu ya kukamata viumbe waitwao Pokémon na kuwapiganisha, iliyotengenezwa upya mwaka 2004. Ile ya zamani mimi na mjomba wako tuliigombania mpaka bibi akaifungia kabatini. Mwulize, asikukatalie.

Gemu hii ni ya zamu, kama bao. Ukitaka kukaa kitako nusu saa unahesabu kete, kaa. Onix wa Brock hakugusi mpaka uchague. Kwa hiyo kabla hujabonyeza tazama aliye mbele yako ni wa aina gani, kisha pigo unalotaka kutumia ni la aina gani. Levo inakuja nyuma ya hapo.

Sasa Brock. Umechagua Charmander, wa moto, na Brock anafuga Geodude wa levo ya 12 na Onix wa levo ya 14. Wote wawili ni wa mawe na wa ardhi kwa pamoja, ndiyo maana waliochagua Squirtle au Bulbasaur hupita hapo wakiimba: maji na majani huwaumiza mara nne. Moto kwa jiwe huingia nusu tu. Bibi anasema unalalamika, "Namkwaruza, namkwaruza, hafi!" Atakufaje? Scratch ni pigo la kawaida, jiwe hulikata nusu, na juu ya hapo Onix ana ulinzi mkubwa mno dhidi ya mapigo ya mwili. Lakini mapigo ya moto, maji na majani hupimwa kwa ulinzi mwingine kabisa, na huo wa Onix ni hafifu. Kwa hiyo Ember, pigo la moto la Charmander, ingawa gemu itakuandikia kwamba halikufua dafu, linamuumiza zaidi kuliko Scratch. Tazama mstari wa uhai umeshuka kiasi gani, achana na maandishi. Charmander akifika levo ya 13 atajifunza Metal Claw, pigo la chuma, na chuma huvunja mawe.

Njia ninayoipenda mimi ni nyingine. Rudi mpaka Viridian City, toka kwa upande wa magharibi uingie Route 22, na kwenye majani utamkuta Mankey. Mkamate, umlee mpaka ajue Low Kick. Pigo hilo hufuata uzito wa anayepigwa. Geodude ana kilo 20, kwake lina nguvu ya 40 tu. Onix ana kilo 210, na kuanzia kilo 200 linafika 120, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Mankey ni wa aina ya kupigana, na pigo la aina yake mwenyewe huongezewa nusu: 180. Kisha mawe huumizwa mara mbili na aina hiyo: 360. Scratch lako kwa Onix ni 20. Na wewe ndiye uliyesema hesabu hazina kazi!

Jihadhari na Rock Tomb la Onix. Mwenye kasi zaidi ndiye hupiga kwanza, na pigo hilo hupunguza kasi ya anayepigwa. Mankey akibakiwa na uhai kidogo baada ya kupigwa nalo, usijidanganye kwamba utamuwahi Onix. Mpe Potion, dawa ya kurudisha uhai, au mtoe. Akitoka kasi yake hurudi, ila kubadilisha nako kunakula zamu, na anayeingia ndiye atakayelipokea pigo linalofuata.

Ukishindwa, bibi anasema unazima kwa hasira. Usizime. Ukipigwa wote unapoteza sehemu ya pesa, ni kweli, lakini uzoefu mlioupata unabaki nao, na mnaamka mmetibiwa. Pesa yenyewe uitumie kwa macho mawili, kwa sababu mwanzoni kila mpinzani wa njiani hupigana nawe mara moja tu, akishakulipa basi. Potion ni 300, Poké Ball, mpira wa kukamatia Pokémon, ni 200, na Pokémon Center inatibu bure. Mimi ningenunua Poké Ball. Wa porini mpunguzie uhai bila kummaliza, na akiwa amelala au amepooza hukamatika kwa urahisi zaidi.

Ukivuka Viridian Forest mtafute Pikachu. Haonekani mara nyingi, uvumilie, maana Pikachu ni wa umeme, na jimu ya pili ni ya Misty, ambaye hufuga wa maji. Charmander atapata taabu tena.

Kabla ya Mt. Moon, ndani ya Pokémon Center, kuna bwana atataka kukuuzia Magikarp kwa 500. Mjomba wako humwita tapeli mpaka leo. Samaki yule hajui ila kujirusharusha. Mnunue. Mweke wa kwanza kwenye orodha, vita vikianza mtoe umwingize mwenye nguvu. Uzoefu hugawanywa kwa waliotokea vitani, hata aliyetokea akakimbia. Akifika levo ya 20 atageuka Gyarados, na hapo umpigie mjomba simu.

Kila Pokémon hubeba mapigo manne tu. Mengine unaweza kuyafuta ukaweka mapya, lakini pigo la Cut, utakalopewa na nahodha wa meli ya S.S. Anne, halifutiki mpaka ufike kwa mzee mmoja aliye Fuchsia City, na huko ni mbali. Mpe Pokémon usiyemtegemea vitani, usije ukamharibia Charmander nafasi.

Na sevu kabla hujaingia kwa Brock. Nafasi ya kusevu ni moja tu, kwa hiyo binamu zako wakitaka kuanza gemu mpya, wasimamie.

Ukimshinda atakupa mashine ya kufundishia Rock Tomb. Hutumika mara moja ikaisha. Usiitumie kabla hujaniambia una nani na nani kwenye kikosi.

Msalimie bibi, umsaidie kuchota maji.

Mama yako