Salamu za Vesak kutoka Upanga

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mwezi mpevu wa Mei umetufikia tena. Nawatakia Vesak njema, sikukuu yetu Wabudha ya kumkumbuka Buddha, nyote wa hekaluni hapa Dar es Salaam, na mlioko Sri Lanka. Afya, amani na baraka ziwe majumbani mwenu.

Mwaka umetubana. Tumechangishana sadaka ya chakula huku kila mtu akipapasa mfuko wake. Mafuta ya kula hayashikiki, nauli nayo ndiyo hiyo. Taa za karatasi tutatundika chache. Si neno, hekalu lipo tangu 1920, limeona makubwa kuliko haya.

Mimi Vesak hii sina mama. Alikuwa mtu wa msikitini, lakini kila mwaka ndiye aliyenipigia pasi shati jeupe, akinung'unika kwamba dini yangu inachafuka upesi. Jana nimepiga mwenyewe, nikaunguza kola. Nikakaa kitandani nikafungua ujumbe wake wa sauti kwenye simu: "We mtoto, umekula?" Basi, umekwisha. Nikaurudia mpaka chaji ikaisha.

Je, huyo ndiye mama? Mwili tulishauzika. Bhante, mtawa wetu, ametufundisha mara ngapi yale mafungu matano yanayomfanya mtu, ambayo hakuna hata moja lililo "mimi": umbo, hisia, utambuzi, misukumo ya nia, na fahamu. Katika kisa cha kale, mtawa Nagasena alimchambulia mfalme Milinda gari lake la kukokotwa hivyo hivyo: gurudumu si gari, ekseli si gari, nira si gari; "gari" ni jina tu la vipande vilivyokutana. Nilikuwa nakariri mafungu hayo kwa Kipali bila shida, rupa, vedana, sanna, kama mtoto wa chuoni. "Hili si langu, hili si mimi" ni jepesi kulisemea goti linaloniuma. Kwa mama, ulimi unagoma.

Lakini ndugu zangu, hebu tujitazame! Unamnunia nduguyo mwaka wa tatu kwa ajili ya kiwanja. Mwili ule umebadilika, maneno yale yamepita, aliyekosa na aliyekosewa wote si wale tena. Kilichobaki ni hasira tu, na unailisha kila siku kama mbuzi wa kufuga. Ifungulie iende! Mwenye deni alipe, mwenye kinyongo asamehe, mwenye mzazi ampigie leo, asingoje kesho. Bhante nisamehe, nimekalia kiti chako.

Tukutane asubuhi kwa sila nane, yaani zile ahadi nane za mwenendo mwema, na chakula ni kabla ya saa sita kama kawaida. Mtakayemwona na kola iliyoungua ndiye mimi.

Sadhu, sadhu, sadhu, yaani ni vyema.